Unga wa Mfungo

Zenebech alikuwa mwanamke wa kutegemea mikono yake, na katika kazi zote za nyumba yake hapa Debre Birhan hakuna aliyoilinda kuliko unga wa Mfungo Mkuu. Kwa siku hamsini na tano kabla ya Fasika, Pasaka yetu, nyama, maziwa, siagi na mayai huondoka jikoni mwetu, na watu huishi kwa nafaka, kunde na mafuta ya mbegu. Wanawake wengi hupika kwa kubahatisha, leo hiki, kesho kile. Zenebech aliuchanganya unga wake mapema, akautia katika kopo kubwa lenye kifuniko kigumu, hata mtu aliyetaka chakula hakuhitaji ila maji na kikaango. Kwa unga huo alipika kita, yaani chapati nene ya kukaangwa, na kita zake zilisifiwa hata na wanawake wasiopenda kumsifu mtu.

Mwaka huo mikono ilimwangusha. Maradhi ya tumbo yalimshika baada ya Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Kristo, yakamlaza wiki nyingi, na yalipoondoka yaliondoka na nyama yake yote. Ikawa sasa anaketi juu ya kitanda cha udongo karibu na meko, amejifunika mablanketi mawili, akimwelekeza binti yake Yeshimebet, mtoto pekee aliyebaki naye nyumbani.

"Hiyo shayiri haijaiva."

"Imeiva, mama. Inanukia."

"Pua yako imejaa vumbi la kiwandani. Tafuna punje moja. Ikikuumiza jino, rudisha motoni. Ikimung'unyika kama mkaa, epua."

Yeshimebet alitafuna, akairudisha shayiri motoni.

Walikaanga shayiri, kisha ngano kidogo, kisha dengu, kila kitu peke yake, kwa kuwa kila kitu kina moto wake. Hivyo vilipelekwa mashineni. Mbegu za kitani hazikupelekwa, maana mafuta yake huziba jiwe na mwenye mashine ana mdomo mchafu. Hizo Yeshimebet alizisaga nyumbani kwa jiwe la mkono, akipiga magoti. Unga wa kitani ukilowa hunata na kuteleza, ukaushika unga mwingine kama ambavyo yai lingefanya, na hapo ndipo ilipokuwa siri ya kita za Zenebech zisizovunjika. Akaongeza uwatu, habasoda, chumvi, na hamira kavu kidogo. Alipomaliza, mama aliuingiza mkono wake mkavu ndani ya kopo, akasugua unga kwa vidole, akasema, "Utafaa." Kwa Zenebech, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Unga huo ulihitajika kuliko miaka yote. Yeshimebet alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mablanketi, akitoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurejea saa nane mchana. Mama asiyeweza kusimama kwa muda wa kuchemsha dengu aliweza walau kukoroga vijiko vichache vya unga kwa maji, akamimina kikaangoni akiwa ameketi.

Lakini hakunenepa. Mganga wa zahanati alimtazama macho na kucha, akamwita Yeshimebet pembeni. "Damu imepungua sana," akasema, "na mwili umeanza kujila wenyewe. Mpe maziwa, mpe mayai. Msingoje Fasika."

Yeshimebet alimwendea Abba Sahle, kasisi aliyekuwa baba wa toba wa nyumba ile, naye akaja siku iyo hiyo na msalaba wake mkononi.

"Zenebech," akasema, "sheria hii haimfungi mgonjwa. Nakuruhusu maziwa na mayai, na chakula cha asubuhi pia. Usingoje saa tisa ya mchana ndipo ule, kama wenye afya."

Zenebech aliubusu msalaba. "Asubuhi nitakula, Abba, kwa kuwa umeniamuru. Maziwa hapana."

"Nimeamuru yote mawili."

"Nimefunga tangu utoto wangu. Nilifunga huyu akiwa tumboni."

"Na hapo ulikosea. Mjamzito hafungi."

"Basi nimekwisha kukosea kwa upande huo, Abba. Usinifundishe kukosea na kwa upande wa pili."

Kasisi alicheka bila kutaka, na kwa kucheka akawa ameshindwa.

Katika wiki ya pili ya mfungo Yeshimebet alimwogesha mama yake. Alipomnyanyua kutoka kwenye beseni aliona kwamba hahitaji nguvu. Alimkausha, akamvika, akamlaza, akatoka nje akasimama nyuma ya nyumba kwenye mikaratusi mpaka uso wake ukakauka. Kisha akaenda dukani akanunua maziwa ya unga. Mama alipokuwa amelala aliyachekecha pamoja na unga wa kopo, kidogo kidogo, rangi ikamezwa na rangi ya shayiri. Akafunga kifuniko. Hakumwambia mtu, na yeye mwenyewe hakuonja kita hata moja kutoka katika kopo lile. Alikula dengu zake saa tisa, kama alivyofundishwa.

Haikupita muda mrefu mama akaanza kumaliza kita zake. Kisha akaongeza ya tatu. Rangi ilirudi midomoni, na siku moja Yeshimebet alirudi kutoka kazini akamkuta ameketi mlangoni juani, akibishana na Ayelech, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Kahawa ilikuwa inachemka.

"Njoo, wewe binti," Ayelech akasema, "umwambie mama yako aseme kweli. Mimi nakula mfungo uleule, naonekana kama gunia lililotupwa. Yeye alikuwa kaburini juzi, leo ananitukana."

"Sijakutukana," Zenebech akasema. "Nimesema tu kwamba unga wako una mawe."

"Hayo si matusi?"

"Ni habari."

Ayelech aliichukua kita iliyobaki sahanini, akaigeuzageuza. "Hii inaungua upesi. Tazama madoa haya. Ya kwangu hubaki nyeupe kama mgonjwa."

Yeshimebet alikuwa amewapa mgongo, akiosha vikombe. "Dengu nilizikaanga zaidi," akasema.

"Na ina utamu."

"Ni shayiri ya kaka yangu," Zenebech akajibu kwa niaba ya binti yake. "Ya mlimani. Na ni huruma ya Mungu. Waliniletea maziwa, mganga na kasisi wote wawili, nikakataa. Sasa tazama. Nimeinuliwa kwa nafaka na mbegu, bila tone la kitu kilichokatazwa. Nimemwambia Abba Sahle. Nimewaambia wanawake wote wa chama chetu cha Maria."

"Umetuambia hata mara mbili," Ayelech akasema. "Tunaomba sasa upumzike."

Yeshimebet alicheka walipocheka. Lakini usiku huo mama alisema jambo lililomwondolea usingizi. Alitaka kumpelekea unga Emahoi Wolete-Mikaeli, mtawa mzee aliyeishi katika kibanda ndani ya ua wa kanisa, ambaye meno yake yalikuwa yamekwisha na ambaye, kwa kusikia habari za kita laini zilizomwinua Zenebech, alikuwa ameomba aonje.

Mtawa huyo hakuwa amegusa maziwa tangu alipoweka nadhiri, si katika mfungo wala nje ya mfungo. Yeshimebet aliona mara moja kwamba kumlisha mama yake ni jambo moja na kumlisha huyu ni jingine. Akafanya lile ambalo watu hufanya wanapotaka kuuponya uongo bila kuufunua: alitengeneza unga mwingine, safi, usio na chochote ndani yake ila nafaka na mbegu, akautia katika mfuko wa kitambaa, akauweka rafuni. "Huu ni wa Emahoi," akamwambia mama. "Nitampelekea mwenyewe Jumamosi."

Siku ya Alhamisi aliporejea kutoka kiwandani aliukuta mfuko uko palepale rafuni, na kopo limepungua.

"Mama, nani ameuchota huu?"

"Mimi. Ayelech alikuwa anakwenda kanisani, nikampa ampelekee Emahoi."

"Nilikwambia wa Emahoi ni ule wa mfuko."

"Ule haujajaribiwa," mama akasema. "Mtu humpa mtumishi wa Mungu kile kilichomponya yeye, hampi cha kubahatisha."

Yeshimebet hakuvua hata viatu vya kazi. Alitupa mtandio mweupe kichwani akaondoka mbio, akapita sokoni, akapita kwenye mbuzi waliokuwa wakisubiri Fasika bila kujua, akafika ua wa kanisa akitweta. Saa tisa haikuwa imefika. Emahoi alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake, bakuli la unga uliokorogwa miguuni, kikaango juu ya makaa.

"Emahoi, umekwisha kula?"

"Kengele haijalia. Umetumwa kunichunga?"

"Usile hicho."

Mtawa alimtazama. "Kimeingia panya?"

"Kimeingia maziwa." Akamweleza yote, amesimama, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Yeshimebet alipomaliza, mtawa aliliinua bakuli akalimwaga chini ya ukuta, na kuku wa jirani wakaja.

"Mimi sijala," akasema. "Kwangu umefika kwa wakati. Aliyekula ni mama yako."

"Naogopa ataacha kula kabisa."

"Naam. Huenda akaacha."

"Basi nifanyeje, Emahoi?"

"Unaniuliza ili nikupe ruhusa ya kunyamaza. Sina ruhusa ya namna hiyo. Jumapili mama yako ataniuliza kama kita ilikuwa nzuri, na mimi sitamdanganya mgonjwa. Akisikia kwangu itakuwa vibaya kuliko akisikia kwako. Nenda."

Zenebech alikuwa akichambua dengu katika ungo Yeshimebet alipoingia na kupiga magoti. Alimsikiliza huku vidole vyake vikiendelea kutoa mawe, na vidole havikusimama mpaka neno la mwisho.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

"Na wewe, ulikula?"

"Hapana, mama."

"Wewe umefunga."

"Nimefunga."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Mama aliuweka ungo chini. "Kwa hiyo wewe ulijua kwamba jambo hili lina maana. Kama ungekuwa humwogopi Mungu, ungekunywa maziwa pamoja nami, ningesema huyu ni mpagani, hajui atendalo. Lakini ulijiwekea wewe mfungo, mimi ukaniondolea."

"Nilitaka uishi."

"Niishi nifike wapi?"

"Ufike Fasika."

"Na nikifika? Watu wote watafungua. Watakula na kulia kwa furaha. Mimi nitafungua nini, Yeshimebet? Mtu ambaye hakufunga hufungua nini?"

Mama aliomba maji, akasukutua kinywa, akatema nje ya mlango. Hakupaza sauti, wala hakumfukuza. Alimwambia tu amwite Ayelech, na Ayelech alipokuja alimwomba awe akimpikia chakula chake katika nyumba yake, kwa unga wake, hata kama una mawe.

Abba Sahle alikuja akasema yale ambayo kasisi hana budi kuyasema: kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi, kwamba kosa ni la binti na toba ni ya binti, na binti amekwisha kuipokea. Zenebech aliinamisha kichwa akaondolewa dhambi. Kisha akauliza, "Na zile siku, Abba? Umeniondolea dhambi. Zile siku zimekwenda wapi?"

"Siku haziwekwi akiba mahali, Zenebech."

"Niruhusu nizilipe baada ya Fasika."

"Baada ya Fasika hakuna anayefunga kwa siku hamsini. Unajua hivyo. Ni marufuku hata kwa watawa."

"Basi zimebaki hizi chache."

"Nakuamuru ule."

Mwanamke yule, ambaye katika maisha yake hakuwa amemkatalia baba yake wa toba neno lolote ila maziwa, alimtazama kwa heshima yote na hakuitikia.

Kuanzia hapo alikula mara moja kwa siku, baada ya saa tisa, konzi ya dengu za kukaanga au kipande cha kita ya Ayelech. Yeshimebet aliacha kwenda kiwandani. Nafasi yake akapewa mtu mwingine. Alifua, alifagia, alikoka moto. Yote hayo aliruhusiwa. Alipoleta maji, mama aliyapokea, akayatazama kwenye mwanga wa mlango, ndipo akanywa. Siku moja Yeshimebet alishindwa kuvumilia.

"Ni maji, mama."

"Sijasema si maji."

"Umenisamehe au hukunisamehe?"

"Nimekusamehe siku ileile. Sina kinyongo na wewe. Ila sijui kilichomo mkononi mwako, mwanangu, na hilo si jambo la kusamehe. Ni kutojua tu."

Ayelech, ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa, alijaribu. "Zenebech, acha ukaidi. Hata Mungu atachoka na wewe. Ukifa nitabishana na nani?"

"Na mwenye mashine," Zenebech akasema.

Katika Wiki ya Mateso wapo miongoni mwetu wenye nguvu ambao hawaonji kitu tangu jioni ya Alhamisi mpaka Fasika. Zenebech hakuwa tena na nguvu za kuketi, lakini alifanya hivyo. Ayelech aliketi upande mmoja na chakula, Yeshimebet upande wa pili bila kitu, na mgonjwa akayafumba macho baina yao.

Asubuhi ya Fasika kila nyumba ilinuka siagi. Yeshimebet alipasha maziwa moto, akayaleta katika kikombe. Sasa yalikuwa halali kwa kila mtu.

"Kuna nini humo?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa kama karatasi.

"Maziwa."

"Na nini tena?"

"Maziwa tu, mama."

Zenebech aliyageuza macho kwa Ayelech. Ayelech alimtazama binti, akaona haya, lakini alikipokea kikombe, akaonja, akasema, "Maziwa tu." Ndipo mgonjwa akanywa mikupuo miwili. Hakikupita kitambo akayatapika yote. Mganga aliyeitwa alisema kwamba tumbo limejifunga, kwamba angeyapata mwezi uliopita na kuendelea nayo, lingeyapokea. Hakujua alichokuwa akisema, wala hakuna aliyemweleza.

Wiki ile watu walikuja kumtazama na kusema Kristo amefufuka, naye alijibu kwa midomo. Kisha akaacha kujibu. Ayelech alimlisha kwa kijiko mpaka siku alipokiweka kijiko chini, akamwambia Yeshimebet, "Mlishe wewe. Hajui tena ni nani."

"Anajua."

"Binti, hajui. Nimemwita kwa jina langu na kwa jina lako, yote ni mamoja kwake. Mlishe."

Yeshimebet alikaa pale alipokuwa amekaa Ayelech. Alikiweka kijiko kwenye midomo ya mama yake, na midomo ikafunguka. Hakuuliza, hakutazama kwenye mwanga. Angeweza sasa kumpa chochote alichotaka kumpa tangu wiki ile ya pili, na kingepokewa.

"Haya ni maziwa, mama," akasema. "Na kiini cha yai, nimelipiga humu." Akangoja, kijiko cha pili mkononi. "Na chumvi kidogo. Hakuna kingine."

Kile cha kwanza kilikuwa kimeanza kurudi, kikishuka pembeni mwa mdomo, naye akakipangusa kwa ncha ya mtandio wake, akamwambia tena.